Njiti Tatu

Mvulana wa miaka 13 wa Gongo la Mboto anajua mambo mengi ambayo mimi kwa umri huo sikuyajua. Anajua kununua umeme wa Luku kwa simu ya mama yake. Anajua konda yupi atamwachia akae na yupi atamsimamisha mpaka Buguruni. Sasa mpe kiberiti chenye njiti tatu, mwambie awashe moto wa kuni nje, upepo unavuma kidogo, halafu kaa pembeni utazame. Njiti ya kwanza anaisogeza kwenye gogo. Gogo zima, nene kama paja lake. Ya pili anairudisha kwenye gogo lile lile, safari hii kwa hasira. Ya tatu inazimika huku anakutazama wewe.

Sura hiyo nimeiona kwa miaka minne sasa. Mara mbili kwa mwaka, shule zikifunga, tunawachukua wavulana wachache wa mtaani tunakwenda kulala nao msituni usiku mmoja. Ninaposema sisi, namaanisha mimi na mzee mmoja mstaafu aliyefanya kazi ya misitu tangu ujana wake, ambaye watoto wote wanamwita Babu na mimi nimezoea kumwita hivyo hivyo. Nilimfuata mara ya kwanza kumhoji kwa ajili ya makala ya maneno 800. Makala ilitoka, ikafungia maandazi, mimi nikabaki. Hiyo njiti tatu ni sheria yake. Anasema ukimpa mtoto kiberiti kizima utamfundisha kuwasha njiti, hutamfundisha kuwasha moto.

Kwa kuwa hawa ni watoto, sitawataja majina, na vitu viwili vitatu nimevibadilisha makusudi. Mmoja nitamwita Masizi. Si jina lake, lakini haliko mbali sana na lile ambalo wenzake walimpachika.

Tunakokwenda ni Pugu na Kazimzumbwi, misitu miwili inayopakana upande wa Kisarawe, ambayo siku hizi inahesabiwa kuwa hifadhi moja ya mazingira asilia chini ya TFS. Kutoka Posta hazifiki kilometa 40. Watu wengi wa Dar wanapita pembeni yake maisha yao yote, wanajua Pugu ya mnada wa ng'ombe, ya shule, na siku hizi Pugu ya kituo cha treni ya umeme, lakini msitu wenyewe hawajauingia. Na ni msitu wa kuingiwa. Ni mabaki ya ile misitu ya pwani iliyowahi kutambaa kutoka Somalia mpaka Msumbiji, ina miti na vidudu ambavyo kwingine duniani havipatikani, na ina komba mmoja mdogo sana, yule wanaomwita komba wa Rondo, ambaye wataalamu wa wanyama wanasafiri kutoka mbali kuja kumsikiliza usiku. Kumsikiliza tu, maana kumwona ni bahati.

Njiani Babu hapitishi Pugu bila kuwaambia kwamba Nyerere alikuwa mwalimu pale, Mtakatifu Fransisko, mpaka alipoacha kazi mwaka 1955 ili ashughulike na TANU, na kwamba wazee wanasimulia alivyokuwa akikata mguu kwenda mjini mikutanoni. Kila safari kuna mtoto anauliza kama bajaji hazikuwepo.

Wazazi wakiniuliza hii safari ni ya nini hasa, huwa nawajibu vibaya, maana jibu langu refu linaanzia Masasi.

Baba yangu ni mtu wa Masasi. Yeye alipelekwa jandoni, wakati wa kipupwe, akakaa kwenye kibanda porini pamoja na wenzake wa rika lake mpaka vidonda vikapona. Mimi nilitahiriwa hospitali, asubuhi moja ya mwezi wa sita, nikarudishwa nyumbani kwa teksi nimefungwa kanga ya mama, nikanunuliwa soda mbili. Hiyo ndiyo tofauti yetu, na sidai kwamba yeye alipata kilicho bora. Baba akisimulia jando anaanza na fimbo. Anasimulia kuamshwa usiku na kumwagiwa maji ya baridi, anasimulia mwenzao mmoja aliyevimba na kuugua, kisha ananyamaza. Mtu anayelilia jando la zamani wakati yeye mwenyewe alitahiriwa kwa ganzi ananichekesha.

Lakini baba akimaliza fimbo, ndipo yanapokuja mengine. Mtego wa kamba unavyopinda mti mbichi. Gome gani linatoa kamba na gome gani linakuwasha. Namna ya kukaa mbele ya mtu mzima, namna ya kuingia kwenye nyumba yenye msiba, nyimbo ambazo mpaka leo hakubali kuniimbia. Mtoro bin Mwinyi Bakari katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapwa Ujerumani mwaka 1903, alilieleza jando la watu wa pwani, na ukimsoma unaona kwamba kukatwa kulikuwa sehemu ndogo ya shughuli. Kule kwa akina baba, mmisionari Vincent Lucas, ambaye mwaka 1926 alikuwa askofu wa kwanza wa Masasi, aliona kwamba kulipiga marufuku ni kujitafutia ugomvi na watu, akaligeuza likawa jando la Kikristo, lenye padri na sala. Yeye angalau alielewa kwamba kuna shule pale ndani. Hospitali zilichukua kisu, zikaacha shule mlangoni. Hakuna aliyerudi kuiokota.

Upande wa pili kuna skauti, na Babu ni skauti wa damu. Baden-Powell aliwapeleka wavulana kama 20 kwenye kisiwa cha Brownsea, Uingereza, Agosti 1907, watoto wa shule za matajiri wakichanganywa na watoto wa wafanyakazi, akawafundisha kufuata nyayo, kupika nje, kufunga mafundo, kutazama. Mwaka uliofuata akatoa kitabu, na kitabu kikazunguka dunia. Sasa, sehemu kubwa ya ujuzi ule wa kunyapa na kusoma nyayo aliukomaza kusini mwa Afrika, kwenye vita vya kuwapiga Waafrika kwenye ardhi yao. Kaburi lake liko hapa hapa jirani, Nyeri, tangu 1941, na juu ya jiwe kuna duara lenye nukta katikati. Ni alama ya njiani ya skauti, maana yake nimekwenda nyumbani. Babu huwafundisha watoto alama hiyo kwa vijiti na kokoto, pamoja na mshale na msalaba wa usipite huku, na wanaipenda kuliko zote.

Mimi huwa naisikiliza hadithi hiyo kwa jicho la uandishi wa habari. Ujuzi wa kusoma nyayo uliondoka huku ukiwa wa watu wasiovaa viatu, ukaenda kuandikwa Uingereza, ukarudi umevaa kaptula ya kaki na skafu shingoni, na sasa watoto wetu wanavishwa beji kwa kuujua. Nilikuwa naliona jambo hilo kama kichekesho cha historia tu. Mpaka Julai iliyopita.

Walikuwa tisa, mkubwa ana miaka 15, mdogo 11. Masizi alikuwa na 14, kidato cha kwanza, na ilikuwa safari yake ya kwanza. Aliletwa na shangazi yake, mama mmoja mchangamfu anayeuza vitafunwa, aliyeniambia bila kupunguza sauti, mtoto mwenyewe akiwa hapo hapo: "Anko, huyu haongei. Mchukue tu, labda huko porini atapata mtu wa kuongea naye." Alikuwa amekaa naye mwaka mmoja na kitu. Kabla ya hapo aliishi kwa baba yake mdogo, ndani ndani huko wilayani Kisarawe. Begi lake lilikuwa mfuko wa sandarusi, na ndani mlikuwa na shuka, sweta na kandambili. Wenzake walikuja na mabegi yanayowashinda kubeba.

Tukafika, tukaandikishwa getini, tukapewa mhifadhi wa kufuatana naye. Siku hizi wahifadhi wanavaa kijeshi na wanaitwa afande, basi watoto wakampenda papo hapo kwa sababu ya buti. Alituonyesha eneo la kambi na akatuambia kuni ni zile zilizokufa na kuanguka zenyewe, na si nje ya eneo lile. Tukasimamisha mahema. Babu akatoa somo lake la panga, ambalo halijabadilika tangu nilijue: piga goti, hakikisha hakuna mtu anayefikiwa na mkono wako, kata kuelekea nje, ukimaliza panga linalala chini, halisimamishwi. Kila mtoto alishika panga zamu yake. Kuna wazazi hawapendi kulisikia hili, na nawaelewa, lakini natamani wangeziona nyuso zile. Mtoto aliyezoea kuambiwa acha, weka chini, usiguse, anapewa chuma chenye makali na mtu mzima anayemwamini. Anakuwa mpole ghafla. Hata sauti inashuka.

Kisha njiti tatu. Walikwenda wawili wawili, na kwa kuwa walikuwa tisa, Babu akajiunga na mmoja. Masizi alipangwa na yule wa miaka 11.

Wenzao walianza kukimbia huku na huku kubeba kuni. Masizi alichuchumaa. Aliokota vumbi, akaliachia lidondoke kutoka kwenye vidole, akatazama lilikoelekea. Akachimba kishimo kifupi kwa kisigino cha kandambili. Halafu akamtuma mdogo wake yule, sasa nikasikia sauti yake kwa mara ya kwanza, nzito kuliko nilivyotegemea: "Leta vya ukubwa wa njiti. Si vya chini, vya chini vimenyonya maji. Vilivyoning'inia." Vikaja. "Sasa vya kidole." Vikaja. "Sasa vya dole gumba, uviweke pale, usinipe." Akapanga bila haraka, akaacha mlango upande wa upepo, akawasha njiti moja akiikinga kwa viganja. Hakupuliza. Moto ulipanda wenyewe kama uliokuwa umeitwa jina.

Akasimama akamrudishia Babu njiti mbili.

"Nani kakufundisha?"

"Hamna mtu."

"Ndo maana ananukaga moshi!" mmoja akapiga kelele, na wakacheka, wale ambao magogo yao yalikuwa bado yanatoa machozi. Jina nililosema walimpa pale pale.

Jioni, kabla ya kupika, Afande alitutembeza. Alituonyesha njia ya siafu, kinyesi cha mnyama ambacho watoto walikijadili kwa muda mrefu kuliko lazima, na mti mmoja ulioviringwa na mwingine mpaka hujui upi ni upi. Tukatokea mahali penye uwazi mdogo. Katikati palikuwa na duara jeusi, upana wake kama chumba cha kupanga, limezama kidogo, na nyasi hazikuwa zimelirudia vizuri. Wengine wakaruka ndani. Masizi alilizunguka kwa pembeni, kama mtu anayezunguka mkeka wa wanaoswali.

"Hili ni tanuru la mkaa la zamani," Afande akasema, na akaanza somo la sheria. Kuvuna bila kibali ni kosa. Mti wa miaka mingi unaangushwa kwa asubuhi moja. Magunia yanatolewa usiku kwa pikipiki. Mmoja akauliza mkaa wenyewe unatengenezwaje, na Afande akasema wanakata magogo, wanayapanga, wanayachoma mpaka yanakuwa meusi.

"Hauchomi, afande."

Tuligeuka wote.

"Ukichoma unapata jivu," Masizi alisema. Alikuwa anaongea na duara, si na sisi. "Unaunyima hewa. Unapanga, unafunika majani, unafunika udongo, unaacha vitundu. Moshi ukiwa mweupe bado kuna maji. Ukianza kuwa wa bluu, mwembamba, unaziba. Na halali mtu. Udongo ukipasuka usiku na wewe umelala, asubuhi huna kitu. Una jivu."

Nimehoji watu wengi kwa kazi yangu, mawaziri na wenye shahada zao, na ni mara chache nimesikia maelezo ya kazi yaliyokamilika namna ile kwa maneno machache namna ile. Watoto walikaa kimya. Afande alimtazama kwa muda, kisha akasema, kwa upole lakini kwa sauti ya kikazi, kwamba hao watu ndio wanaoumaliza msitu huu.

Masizi akawageukia wenzake. Hakuwa mkali. Aliuliza kama anayetaka kujua: "Nyie kwenu mnapikia nini?"

"Mkaa," akasema wa kwanza. "Mkaa." "Gesi, ila ikiisha mkaa." "Maharage mkaa." Ilizunguka yote, na wote wanane walikuwa na mkaa mahali fulani ndani ya jibu. Afande akavua kofia akajikuna.

"Hilo swali lako," alisema, "lipeleke bungeni."

Na kwa kweli lilishafika huko. Tangu mwisho wa Januari 2024 taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zimekatazwa kupikia kuni na mkaa, na Mei mwaka huo ukazinduliwa mkakati wa kitaifa wa nishati safi, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Ni lengo zuri, na mapafu ya mama zetu yanalihitaji. Ila kwenye habari zote nilizosoma na zile nilizoandika mwenyewe, yule mtu anayekesha akitazama rangi ya moshi huwa anatajwa kwa neno moja, wahalifu, au kwa neno jingine, wananchi wasio na elimu. Nilipokuwa nimesimama kwenye lile duara, mbele ya mtoto aliyetoka kutoa somo, hilo la pili lilinisumbua zaidi kuliko la kwanza.

Maana tazama tunachofanya. Tunawachangisha wazazi, tunalipa kiingilio, tunawaleta watoto tuwafundishe kuusoma upepo, kujua kuni kavu na mbichi, kukesha, kutunza moto. Tunaita stadi za maisha. Mmoja wao anakuja anazijua zote, tena kutushinda, na kitu cha kwanza anachosema akiulizwa alikozitoa ni "hamna mtu."

Tulikula wali na maharage. Giza lilipokamilika Babu aliwaonyesha Msalaba wa Kusini, namna ya kuchukua urefu wa mti wake mrefu, kuuendeleza mara nne na nusu, kisha kushuka moja kwa moja mpaka upeo wa macho, na hapo ndipo kusini. Kule upande wa mjini anga lilikuwa na rangi ya chungwa, na kila baada ya muda ndege ilishuka kuelekea uwanjani, taa zinawaka, na mtoto mmoja akasema watu waliomo humo hawajui kama tuko hapa. Baadaye komba wakaanza. Kama hujawahi kumsikia komba usiku, ni kilio cha mtoto mchanga kabisa, kinachotoka juu ya mti. Yule wa miaka 15, ambaye mchana kutwa alikuwa ananieleza jinsi asivyoogopa, alihamia hema langu kwa maelezo kwamba la kwao lina joto. Nilimkaribisha. Ilikuwa Julai, baridi inauma.

Kabla ya kulala kukawa na mjadala. Sheria ya Babu ni kwamba moto unazimwa kwa maji, unakorogwa, unashikwa kwa kiganja, ndipo watu wanalala. Masizi alikuwa ameshatenga makaa upande, anayafunika kwa jivu, juu ya jivu udongo.

"Unafanya nini?" Babu aliuliza.

"Naulaza."

"Tunauzima, mwanangu. Huu ni msitu."

"Hautatoka, Babu. Shika."

Babu alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya kichuguu kile, akaacha muda mrefu. Akazunguka, akashika pembeni. Akasafisha majani kuzunguka pale hatua tatu kila upande. Afande alisema yeye atakaa macho, na kweli akavuta kiti chake karibu. Sehemu nyingine yote ya moto ilizimwa kwa maji.

Saa tisa usiku mvua ilikuja. Zile mvua za mchoo, zinazopita pwani wakati wa kipupwe bila kuaga, robo saa na zimekwisha. Zilitosha kulowesha kila kuni tuliyokuwa nayo na hema moja lililofungwa vibaya. Saa kumi na moja Babu alituamsha, anga limesafika, na mashariki juu ya miti kilikuwepo Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota. Aliwaambia msemo wa wakulima na mabaharia wa pwani, kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nusu yao walikuwa wamesimama huku wamelala. Mmoja aliniuliza kama kuna programu ya simu inayofanya kazi hiyo. Ipo, nikamwambia, na akaridhika.

Masizi hakuwa nasi. Alikuwa amechuchumaa kule kwenye kichuguu chake. Udongo wa juu ulikuwa tope. Aliuondoa kwa kipande cha mti, akafika kwenye jivu kavu, na ndani ya jivu mlikuwa na makaa mekundu kama yaliyowekwa dakika ile. Alikuwa amelala na vijiti ndani ya shuka lake ili visilowe. Hakutumia hata njiti moja. Wenzake walisogea wakakaa kuzunguka, wakanyoosha mikono, na hakuna aliyesema neno kuhusu moshi. Yule mdogo wa miaka 11 aliketi kumgusa bega kwa bega, kama mwenye hisa.

Chai ikaiva. Masizi alimpelekea Afande kikombe cha kwanza kwa mikono miwili. Afande akapokea, akashukuru, na akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani:

"Baba yako mdogo yeye anakaa upande gani?"

Lilikuwa swali zuri. Nalijua swali la namna ile, nimelipwa mshahara kwa kuyauliza. Linaulizwa wakati mtu ameshiba, amesifiwa, na ameanza kukuamini. Na yeye alikuwa kazini, si mtu mbaya, msitu ule ndio kazi aliyopewa. Masizi hakujibu. Alinitazama mimi. Uso wake ulikuwa umerudi kuwa ule wa jana asubuhi, aliposhuka na mfuko wake wa sandarusi.

Babu alikuwa anakoroga sukari. Hakuinua kichwa.

"Afande," alisema, "chai yako inapoa."

Ikapita kama pumzi mbili. Afande akainua kikombe akanywa.

Tulipokuwa tunashuka kurudi, Masizi alitembea karibu nami kwa muda bila kusema kitu, halafu akaniuliza ile kazi ya Afande inasomewa wapi. Nikamwambia kuna chuo cha misitu Olmotonyi, kule Arusha, na kuna Sokoine, Morogoro, kwa wanaotaka shahada. Amalize kidato cha nne, afaulu, baiolojia asiichezee. Alihesabu kwa vidole, nilimwona.

"Miaka minne. Halafu na ya chuo."

"Ndiyo."

"Baba mdogo tanuru anamaliza wiki mbili."

Sikuwa na jibu la hesabu hiyo, na sidhani kama lipo la kumpa mtoto ambaye ada ya mtihani na daftari zake zinatoka humo humo tanuruni. Hilo nililijua baadaye, kwa shangazi yake, aliponipigia mwezi wa tisa. Mtoto siku hizi anaongea, alisema, anaongea mpaka unamwambia anyamaze, anawafundisha watoto wa nyumba nzima kuwasha jiko. Lakini Ijumaa akitoka shule anapanda gari kwenda kwa baba yake mdogo, anarudi Jumapili usiku, macho mekundu. Anasema kule wanamhitaji kwa sababu halali hovyo. Shangazi alitaka nizungumze naye. Nilizungumza naye. Alinisikiliza kwa adabu, akaitikia ndiyo Anko kila mahali palipostahili, na Ijumaa akaenda.

Nimejiuliza kama usiku ule ulimpa sababu ya kukiona chuo au sababu ya kulipenda zaidi tanuru. Babu anasema vyote viwili, na kwamba mtoto akishajua ana mikono, huwezi kumchagulia kitu cha kushika. Babu anaweza kusema hivyo, yeye amestaafu.

Wiki iliyopita Afande amenitumia ujumbe. Anauliza safari ya Desemba tuko wangapi, ili atuandalie nafasi. Halafu chini yake, peke yake: "Yule fundi wa moto yumo?"

Nimemjibu kwamba orodha bado haijakamilika.